Majibu ya utafiti wa mtoto wangu yako wapi?

Siku ya kilo huko Kiwengwa, mama mmoja alinisogelea akiwa na kadi ya kliniki mkononi na mtoto kiunoni. Mtoto ana miezi kumi. Anakaa vizuri, anacheka, kila kilicho karibu anakishika na kukitia mdomoni. Lakini hatambai. Anasota tu kwa makalio kutoka mkekani mpaka mlangoni. Jirani amemwambia kwamba mtoto asiyetambaa huchelewa akili, na tangu siku hiyo mama wa watu halali.

Nilimtuliza, na hapo chini nitaeleza kwa nini. Lakini aliponyanyuka kuondoka aliniuliza jambo jingine. "Daktari, mkubwa wake huyu, alipokuwa mdogo, walikuja watu wakamuandika. Wakampima kichwa na urefu, wakamtoa damu kidoleni, wakaniuliza kakaa lini, kasimama dede lini, neno lake la kwanza lipi. Nikatia saini. Sasa mtoto yuko skuli. Yale majibu yako wapi?"

Mimi si daktari, ni muuguzi, ingawa kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari. Swali lake la kwanza nililiweza, la pili sikuliweza. Nimekaa nalo wiki nzima, na leo nataka kulileta kwenu wazazi wenzangu, na kwa watafiti pia ikiwa wanasoma ukurasa huu.

Maoni yangu ni haya. Utafiti wa mtoto mchanga haumaliziki siku andiko lake lilipokubaliwa na jarida la nje. Unamalizika siku majibu yake yaliporudi, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa mama aliyempakata mtoto wakati anapimwa. Mtafiti asiyerudi amefanya nusu ya kazi. Na mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini, akauliza na baadaye.

Kwanza tuelewe maelezo ya mtoto yanakwenda wapi yakitoka kijijini. Wakishamaliza kukusanya, watafiti hukaa na hesabu zao, kisha huandika mswada. Ndani yake hueleza waliuliza swali gani, watoto walikuwa wangapi na wa umri gani, walipimwaje, kilichoonekana ni kipi na kasoro za kazi yao ni zipi. Mswada huo hupelekwa kwenye jarida la kitaalamu. Mhariri akiona unafaa, huwapelekea wataalamu wengine wa fani hiyohiyo ambao hawakushiriki. Hao huusoma kwa jicho kali na kuuliza maswali. Mara nyingi hurudishwa urekebishwe, pengine zaidi ya mara moja, na mwingi hukataliwa kabisa. Kwa hiyo si ajabu mwaka ukapita, au zaidi, kabla ya kuchapishwa. Hilo mzazi alijue, asidhani kila anayechelewa ni mwongo.

Katika tafiti za watoto wachanga kuna mambo ambayo mswada mzuri haufichi. Umri huandikwa kwa wiki au miezi, si kwa kukisia, kwa sababu kwa mchanga wiki tatu ni nyingi. Aliyezaliwa kabla ya siku zake huhesabiwa kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, la sivyo ataonekana mzito bure. Na mtoto akilia, akasinzia, au akakataa kabisa kumtazama mgeni, akaondolewa kwenye hesabu, mswada lazima useme waliondolewa wangapi na kwa nini. Kila mama anajua kwamba mchanga hafanyi kazi kwa ratiba ya mtu. Wakibakishwa wale tu waliotulia, jibu litakuwa la watoto watulivu, si la watoto wote.

Lazima pia useme ruhusa ilitoka wapi. Hapa kwetu tafiti za afya hupita kwenye Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya ya Zanzibar, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI. Majarida yanayojiheshimu hayachapishi utafiti wa watoto usio na kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya mzazi. Saini yako, mama, si karatasi ya kukamilisha ziara. Bila saini hiyo andiko halipo.

Sasa niseme kwa nini siwaambii mfunge milango. Jibu nililompa mama wa Kiwengwa kuhusu kusota lilitoka kwenye andiko. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya kufuatilia hatua za watoto 816 wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani na Oman. Watoto wa Oman walikuwa wa Muscat, mji ambao familia nyingi za hapa zina ndugu. Ilionekana kwamba mtoto mzima wa afya anaweza kukaa bila kushikwa akiwa kati ya karibu miezi minne na miezi tisa. Kutembea peke yake kunaweza kuanza baada ya miezi minane au kukachelewa hadi miezi kumi na saba na nusu. Na kwa kutambaa, zaidi kidogo ya watoto wanne katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja. Walipita njia nyingine, wakasimama, wakatembea.

Kwa hiyo mtoto wa miezi kumi anayekaa, anayecheka, anayeshika vitu na kusota kwa makalio hana kasoro kwa kusota kwake. Anaendelea kuangaliwa kama wenzake. Jirani alisema alichosikia. Lakini mama yule amelala usiku ule kwa sababu wazazi wa Muscat, Accra na Oslo waliruhusu watoto wao waangaliwe, na kuna mtu aliyekaa akaandika sawasawa.

Na sisi wenyewe tumeifunza dunia. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto wadogo, kuanzia miezi sita hadi chini ya miaka mitano. Wengine walipewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, wengine dawa ya minyoo, wengine vyote viwili, wengine dawa isiyo na kitu ndani ili kulinganisha. Waliopata chuma waliendelea zaidi katika lugha. Katika viungo, faida ilionekana kwa wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu tangu mwanzo. Tazama sasa maendeleo hayo yalipimwaje: kwa kuwauliza wazazi. Mtoto anasema maneno gani? Anapanda kizingiti? Anakimbia? Mashine haikuhusika hapo. Kilichoingia kwenye hesabu ni maneno ya mama wa Pemba, na jarida la London likayachapisha kama ushahidi.

Andiko jingine la Pemba ndilo zito zaidi. Lilitoka Januari 2006 katika jarida la The Lancet, na miongoni mwa waandishi wake wamo Wazanzibari. Zaidi ya watoto 24,000 wa umri wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35 waliingizwa katika utafiti wa kuwapa chuma na asidi ya foliki kila siku. Wengi walitarajia mema, kwa kuwa chuma ni dawa ya upungufu wa damu. Lakini Agosti 2003 kamati inayolinda usalama wa watoto iliona hatari, na vidonge vyenye chuma vikasimamishwa. Katika watoto waliopewa chuma, wale waliopata ugonjwa mkali, wakalazwa au wakafariki, walizidi kwa asilimia 12 kuliko wasiopewa. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi Pemba. Kwa kundi dogo lililoangaliwa kwa karibu zaidi, likipimwa na kutibiwa malaria, mambo yalikuwa tofauti, na watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika.

Fikirini kama andiko lile lingefichwa kwa aibu, kwa kuwa jibu halikuwa lile lililotarajiwa. Watoto wangapi wa Afrika wangeendelea kupewa chuma kiholela? Kwa sababu liliandikwa na kuwasilishwa, ushauri wa dunia ulibadilika: mahali penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Hapa niwakumbushe wazazi. Dawa ya chuma ya maji usiinunue dukani ukampa mtoto kwa sababu jirani kasema ana rangi nyeupe machoni. Mpeleke apimwe damu kwanza. Na ukipewa dawa hiyo kituoni, mpe kama ulivyoelekezwa, usiiache kwa kuogopa habari hii.

Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Lakini ni mama wangapi wa Pemba wanaojua kwamba watoto wao ndio waliowafunza madaktari wa dunia jambo hili? Nimekutana na wazazi wa Pemba wanaoishi Mjini. Wanakumbuka vidonge, hawakumbuki jibu.

Huu si uchungu wa heshima tu, una sababu ya afya. Wazazi wasiporudishiwa majibu, uvumi huziba pengo. Husikia kwamba damu iliuzwa, kwamba kidonge kilikuwa cha kuzuia kizazi, kwamba mtoto fulani aliugua kwa sababu ya sindano. Timu nyingine ikija, hata ile ya chanjo ambayo haina utafiti wowote, milango hufungwa, na anayeumia ni mtoto.

Tena wanaorudi hujifunza kitu. Sisi watu wa pwani tuna maneno ya ukuaji wa mtoto ambayo fomu nyingi hazina. Kuna kusota, kuna kutambaa, kuna kusimama dede, kuna kwenda tata. Ni hatua nne tofauti. Fomu iliyotafsiriwa haraka huuliza, "Mtoto anatambaa?" Mama mmoja hujibu ndiyo akimaanisha kusota. Mwingine hujibu hapana kwa sababu mwanawe anasota tu. Jibu la kwanza na la pili ni la mtoto yuleyule, lakini kwenye hesabu wamekuwa watoto wawili tofauti. Mtafiti angelisoma andiko lake mbele ya akina mama wa Kiwengwa kabla ya kulituma, kosa hilo lingeonekana kabla ya chai kupoa.

Malezi nayo yanahesabika. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Charles Super, alikaa na Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini kwa kutambaa hawakuwatangulia. Sababu haikuwa damu yao. Mama zao waliwafundisha makusudi kukaa na kutembea, hata kwa kumchimbia mtoto kishimo chenye kuegemeza mgongo. Kutambaa hawakukufundisha. Mtafiti asingewauliza akina mama wanafanya nini nyumbani, angeandika kwamba watoto wa Kiafrika wameumbwa hivyo, na wapo waliowahi kuandika hivyo kabla yake. Kwetu nako mtoto hukalishwa kwa kuzungushiwa mito na kanga, hukandwa viungo na bibi yake, hubebwa mgongoni mama akienda kwenye mwani. Hayo yote yanapaswa kuwamo kwenye andiko linalotaka kusema kitu juu ya mtoto wa Unguja.

Na sauti yetu inahitajika kwa sababu ni chache. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alihesabu tafiti zilizochapishwa katika majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani. Asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za viwanda za Magharibi, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kitabu kinachosema "mtoto hufanya hivi" mara nyingi kinasema mtoto wa huko. Ndiyo maana nataka watoto wetu waandikwe, na waandikwe na watu wetu, majina ya watafiti wa Zanzibar yawe juu ya andiko na si kwenye shukurani za mwisho.

Najua watafiti wana majibu yao. Wa kwanza husema wazazi hawataelewa takwimu. Mimi huelezea akina mama dozi ya malaria kwa uzito wa mtoto, na wanaielewa. Mama anayejua kuhesabu maji kujaa na kutoa hashindwi kuelewa "katika watoto 100, wanne." Asiyeweza kulieleza jibu lake kwa maneno hayo, pengine bado hajalielewa mwenyewe.

Wa pili husema hakuna fedha. Ni kweli baadhi ya majarida humtoza mwandishi, tena kwa maelfu ya dola, ili andiko lisomwe bure na kila mtu. Ikiwa fedha hiyo ilitafutwa na ikapatikana, basi ukurasa mmoja wa Kiswahili uliobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya, na asubuhi moja ya kukaa na wazazi siku ya kilo, si gharama ya kumshinda mtu. Iandikwe tangu siku ya kuomba fedha.

Wa tatu husema jambo ambalo nalikubali zaidi: jibu la utafiti mmoja likitoka nje linaweza kupotosha. Mzazi akisikia chuma kilileta madhara, ataacha dawa aliyoandikiwa mwanawe. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana nimeongeza onyo langu pale juu. Lakini dawa yake ni kueleza vizuri, pamoja na mganga wa kituo akiwepo, na kusema wazi lipi limethibitika na lipi bado. Kunyamaza hakuzuii habari kufika. Huifikisha ikiwa imepinda.

Na wala sibuni haki mpya. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na wamelirekebisha mara kadhaa, linasema katika marekebisho ya 2013 kwamba walioshiriki utafiti wa tiba wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake kwa jumla. Linasema pia matokeo mabaya na yasiyo na jibu yatangazwe kama yanavyotangazwa mazuri. Watafiti huandika mwishoni mwa mswada kwamba wamelifuata azimio hilo. Basi walifuate lote.

Ninaomba jambo moja. Kamati inayotoa kibali iwatake watafiti waoneshe, kabla ya kuanza, ukurasa wa Kiswahili watakaourudisha na siku watakayourudisha. Na wahariri wa majarida, wanapouliza kama kibali kilipatikana, waulize na swali jingine fupi: wazazi wamejulishwa?

Kwa upande wetu wazazi, timu ikija mlangoni, mkaribishe, mpe maji, kisha muulize kabla ya kushika kalamu. Utafiti huu unauliza nini? Mwanangu atafanyiwa nini, na kuna madhara gani? Jina lake litafichwa vipi? Nikikataa, au nikijitoa katikati, huduma yake kituoni itabaki vilevile? Mkiona tatizo kwa mwanangu, nani ataniambia na atanipeleka wapi? Na majibu ya jumla mtayaleta lini, na mimi nimtafute nani yasipokuja? Mtafiti wa kweli hatakasirika kwa maswali haya. Aombe nakala ya karatasi uliyotia saini ibaki kwako, uiweke pamoja na kadi ya kliniki.

Na ikiwa una wasiwasi juu ya ukuaji wa mtoto wako leo, usisubiri utafiti wowote. Mpeleke kituoni ikiwa amefika miezi tisa hajaweza kukaa, amefika miezi kumi na minane hajatembea, hashtuki wala hageuki kwa sauti, mwili wake ni mgumu kama ubao au umelegea kupita kiasi, anatumia mkono mmoja tu, au, kubwa kuliko yote, ameacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza. Hayo hayangoji.

Mama wa Kiwengwa nimemwahidi kumtafutia ile timu. Anayo karatasi, imekunjwa ndani ya kadi ya mtoto mkubwa, na namba ya simu bado inasomeka. Wiki hii tutapiga pamoja.